Ndege Zilizosaini Mkataba wa Meli

Bomba la kufyonza ngano lilianza kukoroma kabla hata ya chai ya asubuhi, na Torquil Gunn akajua kuna jambo. Bomba lile hukoroma linapofyonza hewa, na hewa haikupaswa kufikiwa mpaka alasiri. Gunn, msaidizi wa kwanza wa nahodha, alikuwa amesimama kwenye sitaha, meli ikiwa imefungwa gatini Greenock, mkononi ana kipande cha mkate na samaki wa kukaushwa kwa moshi. Aliinama akachungulia ndani ya falka, tumbo la meli linalobeba shehena. Sakafu ilikuwa inaonekana. Akaumaliza mkate wake kwanza, maana wakati wa vita chakula hakitupwi, kisha akaenda kumwambia nahodha kwamba ngano imepungua tena.

Meli hiyo iliitwa Strath Orrin. Ilizaliwa meli ya nafaka, na mwaka uliotangulia mafundi wa mto Clyde waliikata milingoti, wakaing'oa bomba lake la moshi na kreni zake zote, kisha wakalaza kiwanja cha chuma cha kurukia ndege juu yake kutoka omo hadi tezi. Walichagua meli za nafaka kwa sababu moja tu: ngano huingia na kutoka kwa bomba kupitia tundu dogo, haihitaji mlango mpana. Chini ikakaa ngano ya kutoka Kanada, juu zikakaa ndege nne za kivita zenye mabawa ya turubai, za kuwinda nyambizi. Wakubwa wa Wizara walisema hiyo ni ndoa nzuri. Wakubwa wa Wizara hupenda sana kuzisifu ndoa za watu wengine.

Lakini meli ilibaki ya kiraia, na hilo lilisisitizwa mno. Ilipeperusha bendera nyekundu ya meli za biashara, na nahodha wake alikuwa Ninian Baird, mzee wa kanisa, mtu asiyevumilia kitu kisichokuwa na mahali pake. Baird alikuwa na sheria aliyoirithi kwa manahodha waliomlea: asiyesaini mkataba wa meli hayumo melini, na aliyesaini hulishwa. Kwa hiyo marubani wa jeshi walisaini kama mabaharia wa kawaida, kwa mshahara wa shilingi moja kwa mwezi na chupa ya bia kila siku. Walisaini huku wakicheka.

Nahodha hakucheka. Aliinua kalamu akaielekeza juu, kwenye kiwanja.

"Na zile je?"

"Zile ni ndege, Kepteni," alijibu Halloway, kiongozi wa marubani, kijana wa Kiingereza mwenye adabu nyingi.

"Ni shehena?"

"Hapana."

"Ni silaha za meli?"

Halloway aliinua macho kwenye bendera. Meli yenye silaha za namna ile ni manowari, na bendera nyekundu ingebidi ishuke.

"Basi ni mabaharia," alisema Baird. "Zisaini."

Wakaupitisha mkataba chini ya gurudumu la kila ndege, likaacha alama ya mafuta meusi. Mtu hasaini bila jina, kwa hiyo mpishi, Dod Lennox, alitoa majina ya shangazi zake wanne: Bella, Nettie, Senga na Ina. Nahodha alikausha wino, akaona kazi imekwisha na kila kitu kiko mahali pake.

Ndege zilianza kula kabla ya meli kufika nusu ya bahari. Banda lao lilikuwa chini ya kiwanja, juu ya falka ya nyuma, na sakafuni mle kulikuwa na tundu la kukagulia ngano. Zilikunja mikia, zikainamisha pua, zikala. Zilikula kwa utulivu, kwa zamu, na asubuhi palikuwa na makapi ya kufagia. Wa kwanza kulalamika alikuwa Dod.

"Wanakula ngano mbichi, na mimi nina supu jikoni," alisema. "Shangazi zangu halisi hawakunidharau hivyo."

Mabaharia walikubaliana kwamba aliyesaini hulishwa, wakaendelea na kazi zao. Zaidi ya hayo, ndege zilikuwa zinafanya kazi. Tangu zipande, hakuna meli iliyozama katika msafara wao, na mtu aliyewahi kuogelea katika maji yale ya Atlantiki haulizi sana juu ya makapi.

Waliouliza walikuwa nchi kavu. Safari ya kwanza ofisi ya nafaka ilisema labda ni unyevu. Safari ya pili ikasema labda ni njiwa. Safari hii ya tatu haikusema labda. Ilimwita Gunn, kwa kuwa shehena ni dhamana ya msaidizi wa kwanza, ikamuuliza ngano imekwenda wapi.

"Ndege zimeikula," alisema Gunn.

Hakuna aliyeshtuka wala kucheka. Mmoja wa wakaguzi wa ofisi, mwembamba mwenye miwani, jina lake Crombie, alichovya biskuti ndani ya chai.

"Bwana Gunn," alisema, "wewe una kuku?"

Gunn alikuwa nao. Greenock yote ilikuwa nao. Mabaharia wa meli za nafaka wana desturi yao, kongwe kuliko Wizara yenyewe: siku ya kushuka, kila mtu hupita kwenye falka iliyofagiliwa, akarudi nyumbani na punje zilizonasa katika mikunjo ya suruali. Mke huikung'uta suruali uani, kuku wakala, Jumapili kukawa na yai. Hata mchungaji aliyala mayai hayo ya Jumapili. Desturi hiyo haikuwahi kuitwa wizi mpaka Crombie alipopiga magoti kwenye ua wa Effie, mke wa Gunn, akiwa na kijiko cha chai, akaokota punje, akazitia katika bahasha.

"Utaniokotea na kinyesi chao pia?" Effie alimuuliza, mikono kiunoni.

"Hicho tumekwisha kukichukua, Bi Gunn," alisema Crombie kwa heshima.

Baada ya hapo mtaa ulibadilika. Katika nyumba ya kufulia wanawake walianza kumwachia Effie nafasi pana kuliko aliyohitaji. Mmoja alisema mkate wa Effie ni mweupe mno kwa mkate wa vita. Mwingine akasema lisemwalo lipo. Wa tatu, Bi Tannock wa ghorofa ya juu, ambaye kuku wake walinenepa kwa mikunjo ya suruali ya mume wake mwenyewe, aliwaambia wenzake kwamba yeye siku zote alimtilia shaka mtu anayetembea taratibu kama Gunn akitoka gatini. Ukweli ni kwamba Gunn alitembea taratibu kwa sababu ya goti lililovunjika baharini. Nasema haya kwa uchungu kwa sababu mtaa ule naujua, na sikumbuki hata mlango mmoja uliofunguliwa ukasema kitu.

Kilichokuwa hatarini kilikuwa wazi. Cheti cha Gunn cha uofisa, alichokisomea miaka mingi kwa mwanga wa mshumaa baada ya zamu, kingenyang'anywa, na yeye angefungwa. Safari ya nne ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Ngano ikifika kamili, jambo limekwisha. Ikipungua, hakutakuwa na mazungumzo. Na Crombie mwenyewe angesafiri nao, ashuhudie.

"Wewe una mpango gani?" Effie alimuuliza akimfungia mkoba.

"Nitalifunga tundu."

"Na wao watakula nini?"

Gunn alivaa kofia. "Effie, usinitie huruma ya ndege. Nina yangu."

Huko Kanada walipokwisha kujaza ngano, Gunn alichukua bamba la chuma akalifunika tundu la kukagulia, akalikaza kwa boliti nzito. Spana ya boliti hizo ilikuwa moja tu. Akaifunga kamba, akaivaa shingoni. Crombie aliziangalia boliti moja baada ya nyingine, akazitikisa, kisha akaweka kigoda chake kwenye kona ya banda, pamoja na chupa ya chai, akakaa kuwatazama watuhumiwa wote: ndege, marubani, Gunn, mpishi, na mara moja moja nahodha.

Shaka ikashuka melini pamoja na ukungu. Marubani walimshuku Gunn kwamba anataka kuwaua. Mabaharia walimshuku Crombie kwamba hesabu yake imekwisha andikwa nchi kavu. Dod alishuku kwamba mtu anamwaga supu yake baharini, maana aliipeleka bandani kila jioni na sufuria ilirudi tupu, ingawa ndege hazikuigusa. Crombie ndiye aliyekuwa anainywa. Nahodha Baird hakumshuku mtu yeyote kwa sauti, ila alianza kufunga mlango wa chumba chake, jambo ambalo hakulifanya tangu awe nahodha.

Ndege zilikonda. Kwanza zilinyamaza tu. Kisha mbavu zao za mbao zikaanza kutokeza chini ya turubai, na nyaya zikalegea. Senga aliacha kukunja mabawa vizuri. Nettie alilalia upande mmoja, gurudumu lake likatoa pumzi. Usiku na mchana pua zao zilikuwa zimeelekea kwenye bamba la chuma, na Bella, aliyekuwa mkubwa wao, alilikwaruza taratibu kwa ncha ya panga la rafadha yake, bila hasira.

Halloway alimfuata Gunn mezani.

"Bwana Gunn, Bella hawezi kunyanyuka. Tulimsukuma leo, akafika katikati ya kiwanja, akakaa."

"Mtilie mafuta."

"Mafuta anayo tele. Ana njaa."

"Kawaambie wale waliokutuma," Gunn alisema. "Mimi niliwaambia ndege zinakula, wakaniuliza habari za kuku. Sasa hazili, na wewe unaniuliza habari za njaa. Mnanifanya mimi mjinga wa wapi?"

Halloway alitazama sahani yake. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa wa namna hiyo, wa kutazama sahani.

"Unaweza kumwandikia Crombie," Gunn aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Wewe ni ofisa wa jeshi. Andika kwamba umeziona zikila. Neno lako litasikilizwa."

"Kwenye karatasi mimi ni baharia wa kawaida," alisema Halloway. "Shilingi kwa mwezi. Baharia wa kawaida hatoi ushahidi juu ya shehena."

Nyambizi zilikuja siku iliyofuata, mchana kweupe. Meli ya makaa iliyokuwa mbele yao, ambayo wapishi wake walikuwa wakipungiana mikono na Dod kila asubuhi, iliinuka kidogo majini kana kwamba inatafuta mahali pazuri zaidi, ikavunjika. Watu walionekana majini. Nyuma yake palikuwa na meli nyingine, na nyingine, msafara mzima ukitambaa kwa mwendo wa mkokoteni. Kengele ililia. Marubani wakamsukuma Bella mpaka kwenye lifti, wakampandisha kiwanjani, injini ikanguruma, akaviringika hatua chache akasimama. Wakamrudisha chini. Hakuna aliyemlaumu.

Gunn alikuwa amesimama mlangoni mwa banda. Mkono wake ulikuwa juu ya spana kifuani. Niliambiwa na waliomwona kwamba alikaa hivyo muda mrefu, na kwamba uso wake haukuwa na ushujaa wowote. Ulikuwa uso wa mtu anayepiga hesabu na kuona kila njia inamgharimu yeye. Alifikiria cheti. Alimfikiria Effie katika nyumba ya kufulia na ile nafasi pana. Kisha akasikia sauti za watu wa meli ya makaa wakiita kutoka majini, na wengine waliita kwa Kigaeli, lugha ya mama yake.

Alipiga magoti, goti baya likamuuma, akazifungua boliti.

Bella alikula wa kwanza. Wenzake walimngojea, kwa kuwa ndiye atakayeruka. Turubai yake ilijaa, nyaya zikakaza, mkia ukainuka. Alipopandishwa tena hakuhitaji kusukumwa. Alipaa na Halloway mgongoni, akaizunguka bahari ile mpaka nyambizi zikarudi chini zilikotoka, na hadi jioni hakuna meli nyingine iliyoguswa. Watu wa meli ya makaa waliookolewa walipewa supu ya Dod, wakaisifu, na Dod akalia.

Crombie hakuwa ameondoka kwenye kigoda chake. Alikuwa ameona yote: pua ikiinama, ngano ikipanda, makapi yakianguka juu ya viatu vyake. Aliyapangusa.

"Umefungua wewe, Bwana Gunn?"

"Nimefungua."

"Kwa mkono wako?"

"Ulitaka nifungue kwa mguu?"

"Nauliza tu," alisema Crombie, na kwa mara ya kwanza akaonekana kuwa na haya. "Mimi nimeona wanakula. Nitasema nimeona wanakula. Sitakudhulumu kwa hilo."

Na kweli alisema. Kikao cha uchunguzi kilifanyika Greenock, juu ya duka la kamba, na Crombie alisimama akaeleza kwamba ndege za Strath Orrin hula ngano, tena nyingi, na kwamba bila ngano haziruki. Wakubwa walisikiliza wakiitikia kwa vichwa. Kumbe walikwisha kusikia kutoka meli nyingine za namna hiyo, kila mahali ambapo nahodha alikuwa mtu wa utaratibu. Mwenyekiti, mzee mwenye sauti ya upole, alisema ndege ni muhimu kwa taifa na haifai zifiche chakula chao kama panya. Kuanzia siku hiyo ziliruhusiwa sehemu yao ya kila shehena. Ili hesabu ikae sawa, mkate wa mabaharia ungepunguzwa kidogo, na mkate wa mji kidogo pia.

Gunn alishusha pumzi. Effie, aliyekaa nyuma kabisa, alilegeza mikono yake juu ya mkoba.

"Imebaki ngano ya zamani," alisema mwenyekiti.

"Ni hiyohiyo, bwana mkubwa," alisema Gunn. "Walikula wao."

"Haiwezekani. Walikuwa hawajaruhusiwa. Ndege ya serikali haili bila ruhusa, Bwana Gunn. Ungekuwa mwanajeshi ungelijua hilo." Alisema kwa huruma kabisa. "Kwa hiyo mtu mwingine aliichukua. Tunaye mtu aliyekuwa na spana shingoni, aliyekiri kufungua falka kwa mkono wake. Na tuna punje kutoka ua wake."

"Nilifungua ili watu wasife!"

"Na tunakushukuru sana," alisema mwenyekiti. "Hilo limeandikwa."

Nahodha Baird aliulizwa kama ana la kusema. Alisimama, akageuza kofia yake mkononi, akasema Gunn alikuwa ofisa mzuri na ndege zote nne zilisaini ipasavyo. Kisha akakaa. Halloway hakuitwa, kwa sababu ya cheo chake melini. Gunn alivuliwa cheti, akapelekwa gerezani siku ileile, na alipopita karibu na Effie alisema tu, "Usiwauze kuku." Hakujua kwamba walikwisha chinjwa kwa ajili ya ushahidi, na Effie hakumwambia.

Meli iliendelea na safari zake, na misafara yake ilifika. Mkate wa Greenock ukawa mdogo na wa kijivu zaidi, na foleni ya duka la mikate ikazunguka kona. Jumamosi moja Effie alikuwa amesimama katika foleni hiyo tangu alfajiri, na alikuwa amekaribia mlango kiasi cha kusikia harufu ya tanuri. Hapo Bella alipanda mlima kutoka gatini, mabawa ameyakunja ubavuni asivunje vioo vya watu, akasimama nyuma ya foleni kama mtu yeyote mwenye malezi.

"Si Bella huyo?" alisema Bi Tannock. "Jamani, mpisheni! Mpisheni, mwenzetu katoka vitani."

Wakampisha. Mmoja alimfuta tope la pua kwa leso yake. Bella aliwapita wote, akampita na Effie, akainamisha pua kwenye kaunta, na mwoka mikate akamletea iliyokuwepo, kisha akamletea na iliyokuwa nyuma. Alipomaliza, mwoka mikate aliifuta kaunta, akainua macho.

"Umekwisha, Bi Gunn."

"Yeye msimhurumie," sauti ilisema katika foleni. "Huyo kwao anayo akiba, tunajua wote."

Effie alikunja mfuko wake. Alijibana ukutani ili Bella ageuke, kwa kuwa barabara ilikuwa nyembamba na Bella alikuwa amenenepa.